Ukienda Masasi Usiishie Kupiga Selfie: Stori ya Watu Waliojenga Mji Halafu Majina Yao Yakapotea

Wengi wakisikia Masasi na Newala wanawaza korosho. Basi. Mzigo ukivunwa tunasikia bei kwenye taarifa ya habari, msimu ukiisha tunasahau. Kumbe huko kusini kuna historia nzito ambayo ingekuwa nchi za wenzetu, watu wangekuwa wanapanga foleni na tiketi mkononi.

Safari yenyewe ni simple. Ukitoka Lindi au Mtwara unapita Mingoyo, Mtama, Nyangao, halafu unafika Nanganga, pale njia panda ya kwenda Ruangwa. Basi linasimama kidogo, watu wanachimba dawa, wengine wananunua korosho, safari inaendelea. Hakuna anayejua kwamba bonde hilo hilo la mto Lukuledi lilishapitwa kwa miguu na watu ambao walikuwa wanatafuta kwao.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Sawa, umeachiwa huru, lakini unaenda wapi? Ulikamatwa ukiwa mtoto, kijiji chenu kilichomwa, na kwenu ni mwendo wa wiki kadhaa kutoka baharini. Novemba 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waingereza ya UMCA aliondoka Lindi na watu zaidi ya 50 wa namna hiyo, wanaume kwa wanawake. Wengi asili yao ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa, na mpango ulikuwa kuwarudisha huko. Walipofika Masasi, kwenye yale mawe makubwa na ardhi nzuri, wakasema hapa panatosha. Wakajenga nyumba, wakalima, wakaanza moja.

Kiongozi wa msafara alikuwa Chuma, yule yule ambaye yeye na Susi waliongoza kuubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo. Steere tunamjua. Chuma tunamjua. Wale zaidi ya 50? Muulize mtu yeyote mtaani akutajie hata mmoja. Kimya.

Na maisha hayakuwa mteremko. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu. Hebu fikiria mtu ametekwa utotoni, ameuzwa, ameachiwa, amejenga kwake, halafu anatekwa tena. Baada ya hapo wengi walihamia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Baadaye misheni ikarudi Masasi, na mwaka 1905 vita vya Majimaji vikaichoma tena. Wakajenga tena. Kwa hiyo ukifika Mtandi, ukaliona kanisa kuu la Kianglikana limekaa chini ya jabali, usifikirie ni background nzuri ya picha tu. Hapo kuna watu walianza maisha upya mara tatu.

Kama una watoto, Masasi watafurahi sana. Yale mawe ukiyapanda asubuhi kabla jua halijawa kali, unauona mji wote chini. Kabla ya Masasi kuna Ndanda, abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906, baada ya misheni zao za Nyangao na Lukuledi kuchomwa kwenye Majimaji. Pako kijani, mlima uko nyuma, na ni mahali pazuri pa kupumzika na familia. Lupaso nako hapako mbali, alikozaliwa na kuzikwa Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa.

Halafu panda Newala. Hapo kuna Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda ambapo ardhi inakatika ghafla na unaliona bonde likishuka kuelekea mto Ruvuma, na Msumbiji kule ng'ambo. Washike watoto mkono, pale hapana utani.

Newala hiyo hiyo imepigwa vita ya dunia, na watu wengi hawajui. Oktoba 1916 Wareno, waliokuwa wameshavuka Ruvuma, waliiteka boma kutoka kwa Wajerumani. Mwezi mmoja baadaye Wajerumani wakarudi, na silaha yao kali ikawa maji. Juu ya uwanda maji ni shida, yako chini bondeni. Wajerumani wakawakatia Wareno njia ya maji, na usiku wa tarehe 28 Novemba Wareno wakakimbia boma. Jeshi zima limeshindwa na kiu! Wakati bibi zetu wa Kimakonde walikuwa wanashuka na kupanda ukingo ule ule na mitungi kichwani, miaka na miaka, na hakuna aliyewapa medali.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1917, kule Mahiwa karibu na Nyangao, zilipigwa siku nne mfululizo. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000, wakiwemo askari waliotolewa Nigeria. Na nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi, waliobeba risasi na chakula kwa vichwa vyao. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa. Kariakoo unayoenda kununua viatu imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Ile sanamu ya katikati ya Dar inamwonyesha askari na bunduki yake. Juu pale mpagazi hayupo.

Kwa nini majina yamepotea? Moja, wenye kalamu waliandika ya kwao. Mbili, na hii inauma, sisi wenyewe tuliona aibu. Nani alitaka kusema mezani kwamba babu wa babu yake aliuzwa? Kwa hiyo wazee wakanyamaza, watoto hawakuuliza, na stori ikazikwa na mwenye nayo.

Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyetembea kutoka Lindi mpaka Masasi akajenga mji, huyo ni wa kujivunia.

Kwa hiyo likizo ijayo nenda kusini. Kula ming'oko, panda jabali, piga picha zako Shimo la Mungu. Ila kama una bibi huko, kaa naye jioni moja, simu iweke pembeni, umuulize jina la bibi yake na alitokea wapi. Akilitaja, liandike.