Lifti ya Gari ya Nguzo Mbili Nyumbani: Pima Haya Kabla ya Kutoboa Sakafu

Mafundi wengi wanaofanyia kazi uani huanza na jeki, stendi na shimo. Kazi ikikua, ndipo hamu ya lifti ya nguzo mbili inapokuja. Faida yake inaonekana: gari linapanda, magurudumu yote manne yananing'inia, na fundi anafanya kazi akiwa amesimama wima.

Lakini lifti hii inashikiliwa na bolti zilizofungwa kwenye zege, basi. Zege likiachia, gari la tani 2 linamwangukia aliye chini. Kwa hiyo swali la "ikae wapi" linatangulia swali la "bei gani".

1. Sakafu ndiyo ya kwanza

Kwa lifti za kubeba tani 4 hivi, watengenezaji wengi wanataka zege lenye unene usiopungua inchi 4 (sentimita 10) na nguvu ya psi 3,000, ambayo iko karibu na zege la M25. Wengine wanataka nene zaidi, hivyo neno la mwisho ni la kitabu cha lifti husika.

Sakafu nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Chini kuna mawe au kifusi, juu zege jembamba, halafu rojo la kulainisha. Rojo na vigae havihesabiwi kwenye unene.

Kujua ukweli ni rahisi. Toboa tundu dogo karibu na pale nguzo itakapokaa mpaka drili itokee chini ya zege. Ingiza waya uliokunjwa ncha, uunase chini ya zege, kisha upime. Likiwa jembamba, kata sakafu na mwaga zege jipya kwa vipimo vya kitabu. Zege jipya liachwe siku 28 kabla ya kufunga bolti na kubeba mzigo. Hapo haraka haifai.

Usiweke nguzo juu ya ufa, kwenye ukingo wa sakafu, au mahali zege la zamani linapokutana na jipya. Na kama chini kuna karo la maji machafu au bomba, hamisha lifti.

2. Angalia juu

Lifti nyingi hunyanyua gari hadi karibu mita 1.8. Jumlisha na kimo cha gari. Toyota IST ina kimo cha karibu mita 1.5, hivyo inahitaji mita 3.3. Prado ya karibu mita 1.9 inahitaji mita 3.7. Pima mpaka kwenye kenchi, taa au feni, siyo mpaka kwenye bati. Kama mlango wa gereji unafungukia juu, pima ukiwa wazi.

Nguzo nazo zina urefu wake. Zenye boriti ya juu hufika karibu mita 3.6. Zenye bamba la chini huishia karibu mita 2.8 na hufaa kwenye dari fupi, ila bamba hilo linakatiza sakafu na kusumbua jeki ya gia boksi.

3. Usiibananishe na ukuta

Kwa upana, lifti nyingi huchukua karibu mita 3.5 kutoka nje ya nguzo moja hadi nje ya nyingine. Ukiacha sentimita 60 kila upande, unahitaji chumba cha karibu mita 4.7.

Kwa urefu, chukua gari refu kuliko yote yatakayoingia. Prado ni karibu mita 4.8. Ukiongeza mita 1 mbele kwa ajili ya fundi na meza ya spana, na mita 1 nyuma, inakuwa mita 6.8.

4. Uzito hauko katikati ya gari

Gari lenye injini mbele huwa zito mbele, hivyo nguzo mara nyingi huangukia mbele kidogo ya katikati yake. Zipo lifti ambazo nguzo zimegeuzwa kidogo, mikono ya mbele mifupi na ya nyuma mirefu. Hizo huacha sehemu kubwa ya gari nyuma ya nguzo, na milango hufunguka bila kugonga. Lazima gari liingie kwa pua.

Ukishusha injini gari likiwa juu, uzito unahamia nyuma na gari linaweza kupinduka. Weka stendi ndefu za kushikilia kabla ya kulegeza bolti ya kwanza.

5. Chora kwa chaki

Kabla ya kutoboa, ingiza gari halisi. Chora nguzo na mikono sakafuni, hakikisha mikono inafika sehemu nne za kujekia, fungua milango yote, boneti na buti, kisha zunguka gari zima. Rudia kwa gari dogo kuliko yote. Kama ni lazima upite kwa ubavu, sogeza mistari. Kufuta chaki ni bure, lakini tundu la bolti halihamishiki.

Lifti ikishafungwa, kila gari lipandishwe kwanza sentimita 10 hadi 15 tu na litikiswe mbele na nyuma. Likicheza, lishushwe na mikono ipangwe upya. Likitulia, lipande hadi kimo cha kazi, kisha lishushwe likae kwenye loki za nguzo kabla mtu hajaingia chini.