PIKIPIKI YA ZAMANI: KABURETA IWE YA MWISHO KUSHIKWA

Vijana wengi wa hapa Mugumu na kule Tarime wananiuliza swali lile lile: "Kaka, nimemaliza kuifufua pikipiki ya mzee, rangi safi, ringi mpya, lakini haitulii. Ikiwaka inazima, ikikimbia inamisi. Nishike wapi?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja, nimeona niweke yote hapa. Anayetaka aprinti, aende nayo kwenye kivuli cha mwembe na spana zake.

Jibu fupi ni hili: kagua kwanza kila kitu kingine, kabureta iwe ya mwisho. Watu wengi wanafanya kinyume, kwa sababu skrubu za kabureta ziko nje na kuzungusha ni rahisi.

Mfano wangu ni Honda CG125 aliyoiacha marehemu baba kwenye ghala huku Manchira. Fundi mmoja alizungusha skrubu zake siku mbili, mwisho akasema injini imekufa, ipasuliwe. Ndugu wakasikia gharama, wakakubaliana iuzwe chuma chakavu. Kilichokuwepo ni mambo matatu tu: valvu zimebana, platini ina kutu, jeti imeziba. Leo mama anapanda nyuma tunakwenda naye kliniki Mugumu. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio, maana kukosea mpangilio kunaweza kukupotezea pikipiki nzima iliyo nzima.

CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na Honda waliilenga kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki inapigishwa kazi na huduma inapata kwa nadra. Valvu zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ndani ya injini ya kuendesha valvu. Injini nyingi za Kichina za fimbo, zile 125 na 150 za bodaboda, zimetokana na muundo huo huo. Kwa hiyo vipuri vingi vipo madukani, ila linganisha cha zamani na kipya mkononi kabla hujalipa. Kama yako ni ya aina nyingine, mpangilio ni huu huu, namba tu ndizo zitabadilika.

1. KABLA YA KUPIGA KIKI
Mwaga petroli yote iliyolala tankini. Suuza kutu, weka filta ndogo kwenye mpira wa mafuta. Weka oili ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA, maana klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Toa plagi, piga kiki mara kumi na tano hivi ili oili ipande juu. Breki pia zikague sasa. Injini ikiwaka vizuri utasahau, kila mtu ni hivyo.

2. KOMPRESHENI
Plagi ikiwa nje, ziba tundu lake kwa kidole gumba na mtu apige kiki. Inatakiwa ikisukume kidole kwa nguvu. Ikiwa laini, usikimbilie kupasua injini, nenda hatua ya tatu kwanza, kwa sababu valvu iliyobana haifungi sawasawa na inavujisha mgandamizo.

3. VALVU
Injini iwe ya baridi kabisa. Zungusha sumaku mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye injini, na tapeti zote mbili ziwe zinacheza kidogo. Zikiwa ngumu, zungusha mzunguko mzima mwingine. Kwenye CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Pima kwa fila, usikadirie kwa sikio. Wengi wanapenda tapeti zisizopiga kelele kabisa, kumbe valvu iliyobana ndiyo inayoungua.

4. MOTO
Plagi mpya haina gharama ya kukuumiza. Nafasi yake ni milimita 0.6 hadi 0.7. Iguse kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, halafu piga kiki: cheche iwe ya bluu na kali, siyo nyekundu dhaifu. Zile CG za zamani zina platini. Isugue kwa msasa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, nafasi iwe milimita 0.3 hadi 0.4 zikifunguka kabisa. Halafu hakikisha platini inaanza kufunguka pale alama ya F inapokutana na ile ya kwenye injini. Taimingi ikichelewa, injini inachemka na haina nguvu, na hapo ndipo mtu anaisingizia kabureta.

5. PETROLI NA HEWA
Fungua bakuli la kabureta, toa jeti, zioshe kwa petroli safi na zipulize. Usichokonoe tundu kwa waya, utalipanua. Ukinunua petroli ya chupa njiani, jihadhari na iliyochanganywa na mafuta ya taa. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, lakini chupa ya barabarani haina wa kuipima. Filta ya hewa iwepo na iwe safi. Kwa vumbi letu hili, kuendesha bila filta ni kumimina msasa kwenye silinda. Mwisho, kagua mpira kati ya kabureta na injini. Ukipitisha hewa, hakuna skrubu itakayokusaidia.

6. SASA KABURETA
Endesha dakika kumi injini ipate moto. Pandisha silensi kidogo. Shika skrubu ndogo ya mchanganyiko, ifunge taratibu mpaka igote, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo zungusha robo robo, ukitafuta pale injini inapounguruma kwa kasi zaidi na kwa utulivu, kisha rudisha silensi chini. Zingatia: skrubu ikiwa upande wa filta, kuifungua kunaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta.

Ukivuta mafuta kati ya robo na robo tatu, inayotawala ni sindano. Klipu yake ukiishusha, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Ukivuta mpaka mwisho, inayotawala ni jeti kubwa. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Na kuna jambo la kwetu wenyewe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku Serengeti tuko juu zaidi. Hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo pikipiki iliyosetiwa pwani ikija huku inakuwa na mafuta mengi. Ukiipeleka pwani na seti ya huku, itakuwa na mafuta machache, na hilo ndilo la hatari.

7. PLAGI INASEMA
- Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta mengi, au filta imeziba.
- Nyeusi na ina oili: ringi au mipira ya valvu.
- Nyeupe: mafuta machache au hewa inavuja. Simama, usiendelee! Pistoni inaweza kuyeyuka au kung'ang'ania njiani.
- Kahawia kama chai ya maziwa: hapo hapo, usiguse tena.

8. KILOMITA ZA MWANZO
Kama umeweka pistoni na ringi mpya, kilomita 500 za kwanza usibebe mishikaki wala usivute mpaka mwisho. Badilisha mwendo mara kwa mara. Zikiisha, mwaga oili, weka mpya, na upime tena valvu, zitakuwa zimesogea.

Fila moja, plagi moja na subira ya siku nzima ni rahisi kuliko kupasua injini. Mwenye uzoefu na Yamaha au Suzuki za kuchanganya oili, atumwagie yake hapo chini, maana zile hazina valvu kama hizi na wengi wanazo majumbani.

Nawasilisha.