Majembe ya Gede

Kusini mwa Malindi, ndani ya msitu, kwenye magofu ya mji wa Gede, lipo kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia. Kwa wanaakiolojia, tarehe hiyo ni hazina, kwani huwapa pa kuanzia kukadiria umri wa majengo yaliyolizunguka.

Mwingereza James Kirkman alianza kuchimba hapo mwaka 1948. Nyumba alizozifukua zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Simbi. Ukisimama kwenye kizingiti cha Nyumba ya Mkasi utadhani mwenyewe ameteremka kisimani mara moja, na atarudi. Kazi ile ilitaka subira na jicho kali, nami naiheshimu. Lakini kitabu chake cha 1954 kiliiita Gede mji wa Kiarabu, tangu kwenye jalada. Jembe lilielemea misikiti, jumba la kifalme na makaburi ya mawe. Wenyeji walibeba udongo. Maana ya kilichotoka udongoni ikaandikwa na mgeni.

Hukumu hiyo ya mji wa Kiarabu haikutenguliwa kwa malalamiko. Ilitenguliwa na watu waliosomea kazi yenyewe. George Abungu alipata uzamivu Cambridge kwa utafiti wa jamii za mto Tana, akasimamia akiolojia ya Pwani, na mwaka 1999 akawa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka huohuo Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzake, alitoa kitabu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa miji ya Waswahili, akionyesha kuwa mizizi yake ni ya Kiafrika. Kusimba alikuwa amewachunguza wafua chuma wa Pwani. Kigae cha chungu cha kupikia na mavi ya chuma vikapata heshima sawa na sahani ya Uchina.

Julai 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Elimu ya juu nayo imesogea karibu: Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013. Bado nyumbani kwetu kijana akitaja masomo ya jamii huulizwa atakula nini.

Mzazi wa Malindi, mwanao akikwambia anataka kusomea akiolojia, usimkatize. Panda naye matatu, mshuke Gede, mwoneshe lile kaburi, kisha mzungumze.