Fisi Mjomba, Sungura Mpwa

Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule. Nadhani ndiyo sababu wazee wetu, walipotaka kumwonya mtu, hawakumtaja yeye bali walimtaja mnyama. Mtu akisemwa waziwazi hukasirika na kuziba masikio. Akisimuliwa habari za mnyama husikiliza hadi mwisho, hucheka pamoja na wenzake, na usiku akiwa peke yake huenda akajiona.

Mfano mzuri tunao hapa Kilosa. Wakaguru, ambao makao yao ni milima ya Kilosa na Gairo (Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi mwaka 2012), wana ngano nyingi za Fisi na Sungura. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu mmoja Mmarekani, T. O. Beidelman, aliishi kwao akijifunza mila zao, na mwaka 1961 alichapisha makala juu ya wanyama hao wawili. Jambo alilolitilia mkazo ni udugu wao: Fisi ni mjomba, Sungura ni mpwa wake.

Msomaji asilichukulie jambo hili kuwa dogo. Kwa jadi Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo mjomba alikuwa na mamlaka juu ya watoto wa dada yake, nao walimtazamia katika mambo makubwa ya maisha, urithi ukiwamo. Mjomba mwenye roho nzuri alikuwa nguzo. Mjomba mlafi alikuwa msiba. Mpwa hakuweza kumwambia hivyo usoni, maana heshima ilimzuia. Lakini jioni, karibu na moto, Fisi aliweza kusemwa mpaka watu wakatosheka, na mjomba mwenyewe akiwapo.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, nilikuwa na desturi ya kuwauliza wanachuo: katika ngano hizi, wewe ni nani? Wote walijibu kwamba wao ni Sungura. Sikuwalaumu, kwani wakati ule kweli walikuwa wapwa. Lakini miaka kumi haipiti, kijana yule yule ni mwalimu mkuu. Funguo za stoo anazo yeye, saini ni yake, na walio chini yake wanangoja kauli yake. Hakuna ngoma inayochezwa siku mtu anapotoka upande wa Sungura na kuingia upande wa Fisi. Anaendelea kucheka pale pale alipokuwa akicheka zamani, bila kujua kwamba sasa anachekwa yeye.

Aidha, tusimwonee fisi wa porini. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, fisi wapo, wala hawafanani sana na mjomba wa ngano. Mholanzi Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro na kutoa kitabu mwaka 1972, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe. Kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokula mawindo ya fisi. Basi ulafi ule hatukuuokota porini. Tuliutoa kwetu wenyewe, tukamvika mnyama ili tuweze kuutazama bila aibu.

Sasa nimepita miaka sabini, na ofisi sina tena. Hata hivyo kauli juu ya shamba bado ni yangu, na vijana hunijia kwa adabu, wamekaa ukingoni mwa kiti. Umri huu ndio hasa wa kuzisikiliza ngano hizi upya.

Ndugu msomaji, ukiwasikia watoto uani wakisimulia habari za Fisi, usiwafukuze. Kaa usikilize, kisha ujiulize: mara ya mwisho mdogo wako alipokuomba kilicho haki yake, ulimjibu nini?