Kadi ya Krismasi: kumbe ilianza kama njia ya mkato!

Huku hosteli kuna ubishi. Wengine wanadai kadi za Krismasi zilikuwa za watu wa zamani waliokuwa na muda na moyo wa kuandika, ila sisi kizazi cha simu ni wavivu tu. Mimi kama mtu wa historia nikasema ngoja, hebu tuangalie zilikoanzia.

Basi tuanzie London mwaka 1843. Kulikuwa na mtumishi wa serikali anaitwa Henry Cole, mmoja wa waliosaidia kuanzisha posta ya peni moja mwaka 1840. Kabla ya hapo bei ya barua ilipanda kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa anayepokea. Baada ya hapo, peni moja tu na barua inafika popote Uingereza. Matokeo yake barua za sikukuu zikawa nyingi mno, na kutojibu ilikuwa kukosa adabu. Cole mwenyewe akazidiwa!

Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree kadi, zikachapwa kama 1,000. Salamu tayari imeandikwa, yeye anajaza jina la mpokeaji na lake, basi. Yaani ni ile meseji ya kutuma kwa wote, ila ya karne ya 19. Pembeni mlichorwa watu wakiwalisha na kuwavika maskini, katikati familia inakunywa mvinyo. Wapinga pombe wakaja juu, maana hata mtoto alikuwa ananyweshwa!

Zilizobaki ziliuzwa shilingi moja moja, bei ambayo si ya mtu wa kawaida. Kadi zilienea kweli miaka ya 1870, uchapaji wa rangi uliposhuka bei na posta ilipoanza kupeleka kadi kwa nusu peni.

Sasa sikieni hili. Meseji ya kwanza kabisa ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na injinia Neil Papworth. Ilisema nini? Krismasi njema! Kwa hiyo kadi na meseji ni ndugu, zote ni za watu wenye haraka.

Ila jamani, kuna kitu kimoja meseji haina. Marehemu baba alikuwa akifanya kazi mkoani, na kila Desemba alimtumia mama kadi kupitia sanduku la posta la shule aliyokuwa anafundisha. Ndani kuna mistari miwili tu, ya kuulizia watoto na mvua. Miaka ya mwisho alihamia kwenye meseji. Simu ya mama ikaibiwa stendi, meseji zote zikaenda nazo. Kadi zipo kabatini mpaka leo, na mwandiko wa baba nimeujulia humo.

Hata ya Cole ni hivyo hivyo. Kadi moja aliyomtumia bibi yake iliuzwa mnadani mwaka 2001 kwa zaidi ya pauni 20,000. Maneno yaliyochapwa yalikuwa sawa kwenye kadi zote. Nafikiri kilichowafanya watu waitafute ni yale machache aliyoyaandika kwa mkono wake.

Meseji tumeni, sikatai. Ila mzazi au bibi mmoja mwandikieni, hata mistari miwili. Haya, nani bado anatunza kadi nyumbani, na ni ya nani?