Mizozo ya ujenzi: Anayenyamaza hupoteza fidia

JENGO linapokawia kukamilika, mwenye mradi hukosa kodi aliyotarajia, naye mwanakandarasi huendelea kuwalipa vibarua, walinzi na wenye mitambo aliyokodi. Swali linalozuka ni moja: nani atabeba gharama hiyo?

Jibu hutegemea chanzo cha kuchelewa. Kandarasi nyingi huvigawa vyanzo hivyo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni makosa ya mwenye mradi, kama vile kuchelewa kukabidhi uwanja au kubadilisha ramani kazi ikiendelea. Hapa mwanakandarasi huongezewa muda na, kwa kawaida, kurudishiwa gharama.

La pili ni makosa ya mwanakandarasi mwenyewe, mathalani kuleta vibarua wachache. Huyo hukatwa fidia iliyokubaliwa katika mkataba kwa kila siku au wiki inayopita, aghalabu hadi kikomo fulani.

La tatu ni mambo yasiyo ya yeyote, kama mvua kubwa isiyo ya kawaida. Mara nyingi haya huleta muda wa ziada pekee, bila pesa.

Hata hivyo, haki hizi hazijileti zenyewe. Chini ya mkataba wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mwanakandarasi hupaswa kutoa notisi katika muda wa siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio lililomchelewesha. Siku hizo zikipita, hupoteza muda wa ziada na malipo, hata kama kosa halikuwa lake.

Toleo la mwaka 2017 lilimfunga mwenye mradi pia kwa siku hizo 28, na kuweka siku 84 za kuwasilisha madai kamili.

Notisi si lazima iwe ndefu. Hutosha kutaja tukio na kueleza kwamba madai yatafuata, mradi iwe kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo uwanjani ni vigumu kuyathibitisha miaka miwili baadaye.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo rekodi za kila siku za mvua, idadi ya vibarua na mitambo iliyosimama, pamoja na picha zenye tarehe, ndizo ushahidi utakaopimwa mzozo ukizuka.

Mwenye mradi naye asinyamaze. Akichelewesha kazi kisha akatae kuongeza muda, tarehe ya kukamilisha huenda ikapoteza nguvu kisheria, naye akose kabisa ile fidia ya kila siku. Kuongeza muda kwa haki humlinda yeye pia.

Hasara ya kuchelewa huweza kuvuka mkataba mmoja na kumwangukia mwingine. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, ulikuwa na mitambo yake yote 365 tayari mwaka 2017, yenye uwezo wa megawati 310. Laini ya kusafirisha umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa tayari.

Mizozo kuhusu fidia ya ardhi inamopita laini hiyo ilikuwa imekwamisha kazi, kisha mwanakandarasi, kampuni ya Isolux kutoka Uhispania, akafilisika. Umeme ulianza kusafirishwa Septemba 2018. Kwa kuwa serikali ndiyo iliyoahidi laini hiyo, ilibidi ikubali kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtumiaji yeyote.

Pande mbili zikishindwa kuelewana, ngazi ya kwanza ni uamuzi wa mhandisi, kisha bodi ya kuamua mizozo ikiwa mkataba umeiweka. Ngazi ya mwisho kwa kawaida ni usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995.

Uamuzi wa msuluhishi huwa wa mwisho. Anayetaka Mahakama Kuu iutupilie mbali ana miezi mitatu pekee tangu aupokee, na kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Kutoridhishwa na kiasi cha fidia si mojawapo.