Kusoma Nyumbani na Kusoma Ng'ambo

Wasikilizaji wetu, twajua ya kuwa jioni hii katika nyumba nyingi yupo kijana aliyemaliza masomo ya skuli, na wazee wanashauriana habari zake. Baba ataka abaki asome chuo cha karibu. Mjomba asema aende Ulaya au Marekani, maana huko ndiko kwenye elimu. Sisi walimu huulizwa neno hili kila mwaka. Si neno jipya. Watu wa Afrika Mashariki walianza kulishika tangu zamani za marikebu, na habari zao zafaa kusikiwa kabla ya kuuza ng'ombe.

Wa kwanza kwenda hawakujichagulia wenyewe. Misioni ya Universities' Mission ilikuwa na skuli yake Kiungani, Unguja, na wanafunzi wake wengi walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Katika miaka ya 1880 wachache walipelekwa Uingereza. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alisoma Canterbury, akarudi, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kupewa upadre. Kazi yake aliifanya Chitangali, katika nchi ya Wayao, mbali sana na makanisa makubwa ya mawe aliyoyaona kule.

Mwingine aliyepelekwa Uingereza katika miaka ile alikuwa babaye Martin Kayamba. Mwanawe huyu, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, hakusomeshwa huko. Alisoma Kiungani, akawa karani na mwalimu na mfanya biashara, akafungwa na Wadachi wakati wa vita vya 1914, kisha akashika kazi ya Serikali ya Waingereza huko Tanga. Hata mwaka 1931, alipokuwa na umri wa miaka 40, alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia na Bwana Francis Lwamugira, kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda. Aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Basi mtu huyu, ambaye elimu yake yote aliipata nyumbani, alisimama mbele ya wakubwa wa Uingereza akasikilizwa. Twamtaja kwa sababu wako wazazi wadhanio ya kuwa asiyevuka bahari hana elimu.

Lakini tusidanganyane. Zamani zile nyumbani palikuwa na mpaka ambao kijana hakuweza kuupita. Makerere ilianza mwaka 1922 kwa wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ilikua upesi, ikafundisha uganga na ualimu, lakini haikuweza kutoa digrii; iliyotolewa ni diploma. Hata mwaka 1949 ndipo ilipofanywa Chuo Kikuu chini ya Chuo Kikuu cha London. Kabla ya hapo, aliyetaka digrii hakuwa na budi kupanda meli.

Peter Mbiyu Koinange aliipanda mwaka 1927. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka uliotangulia hapo Kikuyu. Babaye, Chifu Koinange, alikuwa na mali ya kumpeleka, na si kila baba alikuwa nayo. Alisoma Hampton katika jimbo la Virginia, kisha Ohio Wesleyan, kisha Columbia, New York. Baadaye akapitia Uingereza. Alirudi mwaka 1938. Hebu mzazi afikiri: miaka 11! Mtoto aliyezaliwa mwaka alioondoka alikuwa tayari mchunga mbuzi hodari.

Na nyumbani alikuta nini? Katika kazi za Serikali wakati ule, Mwafrika mwenye digrii ile ile ya Mzungu hakulipwa sawa naye. Hata mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri apewe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, na shauri hilo halikuondolewa mpaka katikati ya miaka ya 1950. Karatasi ilivuka bahari, bei yake ikashuka bandarini. Bwana Koinange aligeukia watu wake. Mwaka 1939 alianzisha chuo cha walimu huko Githunguri, na Wakikuyu wakachanga fedha rika kwa rika ili kukijenga. Serikali ilikifunga mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari. Kwetu sisi wa kazi ya ualimu, miaka ile 13 ya Githunguri ni habari kubwa kuliko digrii zake zote.

Mwalimu Julius Nyerere alizishika njia zote mbili. Alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, akafundisha Tabora katika skuli ya St. Mary's, na alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye kujua alichokifuata. Alirudi mwaka 1952, akaenda kufundisha Pugu.

Kisha ikaja habari ya eropleni. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda Marekani, kwa juhudi ya Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Serikali ya Kenya haikupendezwa. Ilisema Makerere yatosha. Haikutosha: nafasi zilikuwa chache mno. Vijiji vilichanga fedha za matumizi, na wako walioondoka na kiatu cha kwanza maishani mwao.

Mwaka 1960 akafuata msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh. Mwaka 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi, akaambiwa kazi ile amekwisha kupewa mwingine. Aliipata nyingine, katika idara ya udaktari wa wanyama, chini ya profesa Mjerumani aliyemhimiza kuendelea na masomo. Alikaa Ujerumani kwa muda akisoma, lakini shahada yake ya juu kabisa, ya udaktari wa falsafa, aliipokea Nairobi mwaka 1971, saa chache tu za safari kutoka kijijini kwao Ihithe.